Saa nne ya nani? Namna ya kupanga muda bila kugombana

Nauza viazi hapa Uyole, Mbeya. Mwaka juzi shemeji yangu alinitumia ujumbe: "Mzigo kesho 4:00 Isyonje." Nikajua ni saa nne asubuhi. Nikakodi kirikuu, nikapanda na vibarua wawili. Kumbe yeye alihesabu saa za kizungu, yaani saa kumi jioni. Tulikaa kwenye ukungu saa sita nzima, mvua ikatunyeshea, vibarua wakadai hela ya kutwa. Siku tano hatukusalimiana, na mke wake ni dada yangu wa tumbo moja.

Tangu hapo, muda wa kukutana nauandika kwa maneno, na sehemu ya siku naitaja: "saa nne asubuhi". Mtu akiniletea tarakimu tupu, namuuliza, "Jua likiwa wapi?" Huku Mbeya jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja hivi asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo swali hilo halimdanganyi mtu.

Usiku ndio una mtego zaidi. Baba mkwe wangu ni mtu wa Tanga. Kwake siku mpya huingia jua likizama, hivyo "usiku wa Jumamosi" ni ule unaotangulia Jumamosi yenyewe. Wanangu wanamaanisha unaofuata. Sema "usiku wa kuamkia Jumapili", wote wataelewa.

Anayesema "nipo njiani" usimuulize dakika, muulize mahali. Akitoka Tukuyu nauliza, "Umepita Kiwira?" Akinijibu yuko Igawilo, hapa jirani, nabandika maji ya ugali.

Kwenye madeni ndiko watu wanakoumizana hasa. Nikimkopesha mkulima mbegu na mbolea, simpangii tarehe. Viazi huchukua miezi mitatu hadi minne kutegemea mbegu na baridi, na tarehe tukiiandika leo inakuja kumfanya aonekane mwongo bure. Tunakubaliana hivi: utanilipa wiki mbili baada ya kuvuna. Majani yakishaanza kuwa ya njano na kulala, naenda shambani kwake, tunafukua shina moja pamoja. Nachukua kiazi, nakisugua kwa kidole gumba. Ganda likichubuka, bado hakijakomaa. Tunafukia, tunaulizana habari za watoto, naaga.