Kujiunga na chuo cha wananchi au VETA Mtwara na Lindi: kuanzia makaratasi hadi cheti

Wengi wanaokosa nafasi katika vyuo vya ufundi huku Kusini hawakwamishwi na alama. Wanakwamishwa na jina lililoandikwa namna tatu katika karatasi tatu, au hela ya korosho iliyokwisha kugawanywa kabla ada haijakumbukwa. Yote mawili yanazuilika ukianza mapema. Mwongozo huu ni wa vyuo vya maendeleo ya wananchi, yaani FDC, na vyuo vya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Vyuo vya afya na ualimu vina utaratibu wao.

Hatua ya 1: Chagua chuo na ngazi

Vyuo vya wananchi vilianzishwa 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, vikilenga watu wazima wa vijijini. Ndiyo maana hata leo aliyeishia darasa la saba anapokelewa. Kwetu viko Mtawanya, Newala, Masasi, Chilala na Kilwa Masoko. VETA ina chuo Mtwara na kingine Lindi.

Kozi ndefu hupanda kwa ngazi: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa kawaida mwaka mmoja kila ngazi. Kozi fupi huchukua wiki kadhaa au miezi michache. Kabla hujalipa, uliza swali moja: mwisho wa kozi hii nitafanya mtihani wa ngazi gani? Kama jibu ni "hakuna mtihani wa ngazi", basi unanunua ujuzi tu. Hilo si baya, ila ulijue kabla.

Kama tayari ni fundi wa mtaani, uashi au uchomeleaji uko mikononi na unachokosa ni karatasi, usikimbilie kuanza upya. VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi ulioupata nje ya darasa. Msichana aliyeacha shule kwa ujauzito naye ana njia: vyuo vya wananchi vina mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaomrudisha kwenye masomo ya sekondari. Aulize mapema kuhusu malezi ya mtoto, kwa sababu hilo ndilo huamua kama atamaliza.

Kwa chuo binafsi, omba kuona cheti cha usajili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na uangalie kama kozi unayoitaka imetajwa. Chuo kuwa na usajili ni jambo moja, kozi yako kuwa na kibali ni jambo jingine.

Hatua ya 2: Linganisha majina, herufi kwa herufi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Tandika mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba au kidato cha nne, na kitambulisho cha NIDA au namba yake kama umefika miaka 18. Soma jina la kwanza, la kati na la ukoo kwenye kila karatasi. Tafuta hasa haya: Hasani na Hassan, Mohamedi na Mohammed, Hadija na Khadija, Selemani na Suleiman. Kisha angalia mpangilio wa majina, maana shule nyingine huandika jina la babu na nyingine huliacha.

Kuna tatizo jingine linalojulikana sana kwetu. Mtoto aliandikishwa kwa jina la utotoni, akatoka jandoni au unyagoni na jina jipya, na shuleni akajulikana kwa hilo. Nyumbani hakuna anayeona shida. Msajili wa chuo anaona watu wawili.

Tofauti ya tahajia au mpangilio kwa kawaida hutatuliwa kwa hati ya kiapo, inayoapwa mahakamani au kwa wakili. Jina zima likiwa tofauti, kiapo huenda kisitoshe. Utahitaji hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo inachukua muda. Usijaribu kufuta herufi kwa wembe au kuongeza kwa kalamu. Karatasi iliyoguswa inakuwa ya kughushi, hata kama ulichoandika ni kweli.

Huna cheti cha kuzaliwa? Anzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa upate barua, kisha nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, aliko msajili wa wilaya wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Beba ushahidi wowote wenye tarehe: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi. Aliyepoteza cheti cha kidato cha nne aanzie polisi kwa taarifa ya upotevu, halafu NECTA, yaani Baraza la Mitihani.

Hatua ya 3: Jaza fomu

Vyuo vingi hufungua Januari na hupokea maombi nusu ya pili ya mwaka uliotangulia. Andika jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Weka namba ya simu itakayokuwa hewani hadi Januari. Ukiweka ya kaka anayebadilisha laini kila mwezi, ujumbe wa kuchaguliwa utakupita. Jaza chaguo la pili la fani pia, maana umeme na magari hujaa kwanza.

Hatua ya 4: Lipa kwa namba ya malipo

Malipo ya vyuo vya serikali hupitia kontroo namba, inayolipwa benki au kwa simu. Kabla ya kubonyeza kuthibitisha, soma jina la chuo linalojitokeza na kiasi. Namba hizi zina mwisho wa muda. Ikikataa, rudi kwa mhasibu akutolee nyingine. Anayekwambia utume ada kwenye namba yake binafsi "akuwahishie nafasi" ni tapeli, hata kama amevaa kitambulisho cha chuo.

Kwa familia za wakulima, ratiba ndiyo hii: minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo huingia benki kwa awamu. Ada itoke kwenye malipo ya kwanza. Ukisubiri ya mwisho, bei inaweza kuwa imeshuka au deni la pembejeo limeshakatwa.

Hatua ya 5: Afya na vifaa

Fomu ya afya hujazwa na daktari wa hospitali ya serikali, mfano Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, na iwe na saini na muhuri. Fomu bila muhuri hurudishwa.

Orodha ya vifaa ifuate kama ilivyo. Ovaroli iwe ya pamba, kwa sababu ya nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi cheche ikidondoka. Anayekaa bweni achukue chandarua, ndoo na shuka. Godoro apime kwanza, maana vitanda vingi vya bweni ni vyembamba. Januari ni mvua. Mei 2024 barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika kwa mafuriko, kwa hiyo anayetoka mbali asipange kufika siku yenyewe ya kuripoti.

Hatua ya 6: Wajibu wako ukishaingia

Mahudhurio kwanza. Kanuni utakazosaini zinataja kiwango cha chini cha kuhudhuria, na chini yake hufanyi mtihani. Wanaoangukia hapo mara nyingi wameitwa nyumbani kuokota korosho au kwenye ngoma ya mdogo wao. Ruhusa iombwe kwa maandishi kabla ya kuondoka, nakala ubaki nayo. Simu ya mzazi baada ya wiki mbili haisaidii.

Karakanani, ushungi au nywele ndefu ziingie ndani ya ovaroli kabla grenda haijawashwa, na kinga ya diski isitolewe. Usitazame moto wa kuchomelea bila ngao, hata kwa kupita tu. Mwanga wake huunguza jicho bila kuuma pale pale. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mchanga machoni. Kifaa kikivunjika, sema siku hiyo hiyo.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, tafuta mapema. Usisubiri bandari au kiwanda cha saruji pekee, kwani nafasi ni chache. Karakana ndogo yenye fundi mwenye cheti inaweza kukufundisha zaidi, mradi chuo kiikubali kabla hujaanza. Kitabu cha kumbukumbu za kazi kijazwe kila jioni: kazi gani, zana gani, kipimo gani, nini kiliharibika na kilirekebishwaje. "Nilisaidia fundi" si maelezo. Msimamizi asaini kila wiki. Saini za miezi miwili zilizopigwa kwa kalamu moja siku moja, mkaguzi anazitambua papo hapo.

Hatua ya 7: Kuondoka na cheti

Kabla ya kuaga, zunguka na fomu ya kumaliza madeni: stoo, maktaba, bweni, uhasibu. Spana moja isiyorudishwa inaweza kuzuia cheti. Matokeo yakitoka, kagua jina lako kwenye orodha kabla vyeti havijachapwa na peleka masahihisho kwa maandishi, ukiambatanisha cheti cha kuzaliwa. Kachukue cheti mwenyewe ukiwa na kitambulisho, na ukisome pale pale dirishani kabla ya kusaini.