Redibadi au dogiwudi? Jinsi ya kuchagua na kupanda bila kuua mti

Mwezi wa 4 ukifika simu yangu haikai mfukoni. Watu wetu waliojaliwa kununua nyumba hapa Louisville wanatoka zao kanisani au msikitini, wanakatiza mtaa mmoja wanaona mti una maua ya pinki mpaka kwenye shina, wakienda mbele kidogo wanakuta mwingine mweupe matawi yamelala bapa kama rafu za duka, basi hapo hapo wananipigia: "Fundi, nataka ule mti." Upi mama? "Si ule wa maua!" Haya.

Mi kazi yangu ni bustani, huku Kentucky mwaka wa tisa sasa, na hii miti miwili ndo naulizwa kuliko yote. Wa pinki ni redibadi, kwenye lebo utaona Cercis canadensis. Mweupe ni dogiwudi, Cornus florida. Yote ni wenyeji kabisa wa mashariki ya Marekani, imeota porini huku kabla hata ya hizo nyumba, yote ni midogo, mita 6 mpaka 9 hivi, inaenea kwa upana karibu sawa na urefu. Kwa hiyo watu wanadhani ukichagua huu au ule ni suala la rangi tu. Siyo. Redibadi anakusamehe, dogiwudi hasamehi, ndo maana mi siulizi unapenda maua gani, nauliza nyumba yako imeelekea wapi.

Hatua ya 1: Ujue mti wenyewe kwanza

Redibadi yuko ukoo mmoja na maharage, mkwaju na mkrismasi ule wa nyumbani. Ukishatoa maua unaning'iniza maganda bapa, ukiyaona utasema njegere. Maua yanatoka kabla ya majani, tena yanachomoza kwenye gome la shina lenyewe kama fenesi linavyozaa, halafu majani yanakuja yana umbo la moyo. Maua yake yanalika, yana uchachu kidogo, watoto wangu wanayachuma wanatupia kwenye kachumbari (ila hakikisha mti haujapigwa dawa).

Dogiwudi sasa. Yale "maua" meupe manne siyo maua bwana. Ni majani yaliyogeuka rangi, kama bogenvilia ya nyumbani tu, ua lenyewe ni vile vidude vya njanokijani katikati. Vuli majani yanakuwa mekundu ya damu ya mzee, na vinatoka vitunda vyekundu ambavyo ndege wanagombania. Wewe usile, vichungu. Mti ukikomaa gome linakatika vipande vipande kama ngozi ya mamba, hata baridi ikipukutisha kila kitu unautambua.

Ya pembeni kidogo: ule mti mweupe unaowahi mwezi wa 3, umejipanga kwenye maegesho ya kila duka na una harufu kama samaki aliyelala, huo siyo dogiwudi. Ni peasi ya mapambo iliyotoka Asia, imeshavamia mapori mpaka Ohio wamepiga marufuku kuiuza tangu 2023. Usinunue hata ukipewa bure.

Hatua ya 2: Kaa na yadi yako siku moja

Jumamosi chukua kiti na chai, angalia pale unapotaka kupanda jua linaingia saa ngapi na linatoka saa ngapi. Dogiwudi porini unaishi chini ya miti mikubwa, unataka jua la asubuhi halafu mchana kivuli. Ukiuweka upande wa magharibi, karibu na zege la njia ya gari, ikifika Julai majani yanakauka kingo kama yameunguzwa na pasi. Najua kwa sababu nilishafanya hilo kosa, mteja wangu mmoja mzee wa Bukavu alisisitiza uwe mbele ya gereji ili wageni wauone, nami nikaona aibu kumpinga mtu mzima, nikapanda. Haukumaliza kiangazi cha pili. Siku hizi nabishana kwa heshima lakini nabishana.

Redibadi anakubali jua la siku nzima na anakubali nusu kivuli pia, ila kivuli kikizidi maua yanapungua.

Hatua ya 3: Udongo

Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo miti inakufa. Sehemu kubwa ya Kentucky ya kati imekalia mawe ya chokaa, kwa hiyo udongo mwingi unaegemea upande wa alkali, tena mfinyanzi mzito. Redibadi hana shida na hiyo. Dogiwudi anataka tindikali kidogo, pH (kipimo cha tindikali, namba ikipanda tindikali inapungua) ya 5.5 mpaka 6.5, ukimpanda kwenye chokaa majani yanakuwa njano mishipa inabaki kijani, na unaweza kumwaga mbolea mpaka uchoke. Chota udongo sehemu kadhaa za yadi, kina cha sentimita 15 hivi, changanya, peleka ofisi ya ugani ya kaunti yako wakupimie, gharama ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya mti. pH ikisoma 7.5, sahau dogiwudi, unaweza kuishusha na salfa lakini itakuwa kazi ya maisha.

Halafu jaribu maji. Chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yakiisha jaza tena. Hayo ya pili yakikutwa bado yamesimama kesho yake, usipande yeyote kati ya hawa hapo, wote hawataki miguu iloane.

Hatua ya 4: Ukifika nasari ya miche

Soma jina la Kilatini. Ukikuta Cornus kousa hiyo ni dogiwudi ya Asia, nzuri na ngumu kwa magonjwa ila siyo mwenyeji, unaitambua kwa ncha kali za yale majani meupe na inachanua mwezi mmoja baadaye hivi. Mwenyeji ana kajikovu kama kamekatwa kwenye ncha.

Uliza magonjwa. Miaka ya mwisho ya 1970 uliibuka ukungu unaitwa Discula destructiva ukamaliza dogiwudi nyingi sana kwenye misitu ya milima ya Appalachia, halafu miaka ya 1990 ubwiriunga nao ukaja juu, ule unaofanya majani kama yamenyunyiziwa sembe. Kwa hiyo tafuta aina zinazostahimili: 'Appalachian Spring' ni ya ule ukungu mkubwa, 'Appalachian Joy' ni ya ubwiriunga. Na usiende kung'oa mche porini, unaleta ugonjwa nyumbani, na kwanza hautashika.

Redibadi chukua mdogo, usidanganyike na mkubwa. Mzizi wake unaenda chini mapema, mkubwa akihamishwa ananuna miaka. Aina ya 'Forest Pansy' ina majani ya zambarau, watu wanaipenda. Angalia matawi yasiwe yamebanana kwenye shina kama herufi V, hayo ndo yanayopasuka barafu ikiyalemea, waliokuwepo hapa kwenye ile dhoruba ya barafu ya Januari 2009 wanajua nazungumzia nini.

Hatua ya 5: Kupanda

Siku kadhaa kabla hujagusa jembe piga 811. Ni bure, wanakuja kuchora na kuweka vibendera pale chini palipopita gesi, umeme na nyaya. Usiseme yadi ni yangu.

Dogiwudi mi napanda mapema masika, Machi, kabla hajaamka. Redibadi masika au Oktoba, yote sawa.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya fungu la mizizi lakini KINA KISIZIDI fungu lenyewe. Kule nyumbani tumezoea kuchimba shimo refu la mgomba, hapa ukifanya hivyo mti unazama. Tafuta pale shina linapoanza kupanuka kuwa mizizi, mara nyingi nasari wamepafukia kwenye chungu, fukua mpaka upaone, na pabaki juu ya ardhi kidogo, sentimita 3 hivi. Mizizi iliyojizungusha kama kamba ikate bila huruma. Rudisha udongo ule ule uliotoa, usijaze mbolea wala udongo wa mfuko, mizizi ikionja utamu itazunguka humo humo isitoke. Mwagilia udongo ushuke, usiukanyagekanyage.

Hatua ya 6: Maji na matandazo

Ndoo mbili za galoni 5 kila wiki kama mvua hamna, ni kama lita 38, polepole mpaka zizame. Redibadi akimaliza kiangazi cha pili unaweza kumwacha. Dogiwudi mizizi yake iko juu juu, ukame ukija hata akiwa na miaka kumi mpe maji, hasa Agosti, maana vitumba vya maua ya mwaka kesho anavitengeneza wakati huo huo wa kiangazi. Baridi ukiangalia ncha za matawi utaviona, vidogo vya mviringo kama vifungo vya shati.

Matandazo sentimita 5 mpaka 8, yasiguse shina. Ile tabia ya kurundika kilima kuzunguka mti kama chungu cha ugali mtaa mzima wanafanya, na mtaa mzima wanaozesha magome. Faida nyingine ya matandazo ni kwamba mashine ya kukatia majani haisogei karibu na shina. Jeraha moja tu la trima kwenye shina la dogiwudi ni mlango wa funza anayetoboa mbao, na akishaingia kumtoa ni shughuli.

Hatua ya 7: Kupogoa

Wote wawili pogoa maua yakishaisha tu. Ukikata Januari umetupa maua. Kwa redibadi tawi likikauka ghafla lina kidonda kwenye gome, kata chini ya kidonda kwenye mbao safi, pangusa msumeno na spiriti kabla hujaenda tawi lingine.

Na nikuambie mapema usije ukanilaumu: redibadi wa yadi wengi wanaishi miaka 20 mpaka 30 halafu basi. Ukitaka wa kurithisha wajukuu, na kivuli unacho na udongo umesoma vizuri, chukua dogiwudi. Kama yadi yako ni jua, chokaa na mfinyanzi, kama nyumba nyingi ninazoenda, redibadi.

Ah, wenyeji wa huku wana "baridi ya redibadi" halafu "baridi ya dogiwudi", yaani ukiona maua ya huyu jua bado kuna siku za ubaridi zinarudi. Kwa hiyo mama zangu, mchicha na sukumawiki ya nje sawa, ila nyanya msitoe kwanza mpaka huyo mweupe amalize.