Kabla ya msasa kugusa mlango wa zamani

Ukirithi nyumba Kibokoni au Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, unalolitamani kwanza ni rangi mpya. Chumvi ya bahari imeshaubabua mlango, madirisha yanatoa magamba, na harusi i karibu. Fundi anaitwa Ijumaa, Jumamosi asubuhi msasa unalia. Hapo ndipo pa kusita, maana rangi ya zamani huenda ina risasi: si ile ya bunduki, bali madini yenye sumu.

Kwa watu wa Mombasa, risasi si jina geni. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, humuhumu Mombasa, waliathirika na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Sumu hiyohiyo huenda imelala mlangoni pako, bila moshi wala kiwanda. Zamani risasi ilitiwa katika rangi ya mafuta ili ikauke upesi na kustahimili unyevu. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978. Kwetu Kenya, kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi ni cha miaka ya karibuni tu, kwa hiyo usidhani ni lazima nyumba iwe ya enzi za mkoloni ndipo iwe na risasi.

Basi anza kwa kuizunguka nyumba. Kuta zilizopakwa chokaa tupu hazina neno. Shaka iwe kwenye mbao na vyuma: milango, madirisha, nguzo za roshani, na hasa magrili yaliyotangulizwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Ukiona tabaka nne tano za rangi na huna namna ya kuzipima, hesabu kwamba risasi imo. Rangi iliyoshika imara haina haraka; mara nyingi kuifunika kwa rangi mpya ni salama kuliko kuikwangua. Dirisha linalosuguana na fremu yake ni kesi nyingine, maana hilo hutoa vumbi kila linapofunguliwa. Na mlango wa nakshi usiuguse kabla ya kuuliza ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale.

Vumbi ndilo adui. Mtoto anatambaa, anatia kidole mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Risasi huathiri ubongo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo watoto na mama mjamzito wakalale kwa jamaa mpaka kazi iishe na nyumba ifutwe kwa maji. Kuwafungia chumba cha nyuma hakutoshi. Mpashe habari na jirani, kwani vichochoro vyetu ni vyembamba: nguo zake zi kambani, wazee wamekaa barazani, na pale pembeni kuna mama na karai lake la viazi. Siku ya upepo mkali, ahirisha.

Na fundi mkubaliane kabla ya kutaja bei. Mbao zilowanishwe kwanza, ndipo zisuguliwe. Msasa mkavu hapana, grenda hapana, na kuunguza rangi kwa moto wa gesi ndiko kubaya kabisa, kwa sababu risasi inageuka mvuke anaouvuta yeye mwenyewe. Atasema maji yanamchelewesha. Ni kweli, basi mlipe siku ya ziada. Barakoa ya kitambaa haimfai, atafutiwe yenye vichujio vya vumbi laini. Chini litandikwe karatasi la plastiki zito, na jioni magamba yafungwe nalo humohumo. Kufagia kwa ufagio mkavu kunarudisha vumbi hewani. Tumieni matambara mabichi na ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia.

Kitu kimoja husahaulika: nguo za fundi. Naye ana watoto wanaomkimbilia mlangoni. Mpe mahali pa kuoga na kubadilisha kabla hajapanda tuktuk, na zile za kazi zifuliwe peke yake.