Tafuta Zipu Kwanza: Jinsi ya Kutazama Sinema za Kale za Kutisha

Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko Umoja, Nairobi, na nikiona jitu la kutisha kwenye sinema macho hunikimbilia mgongoni mwake. Zipu iko wapi? Ukitaka kuzifurahia sinema za miaka ya 1950 na 1960 zilizotengenezwa kwa pesa za kuungaunga, anza hapo.

Subiri usiku. Sinema hizi nyingi hazina rangi, na jua likiingia dirishani huoni kitu. Kisha tafuta watu wawili watatu wenye mdomo. Kwangu ni watoto wa kaka yangu. Yule mkubwa hujifanya DJ Afro, yule msimulizi wa sinema, akatafsiri hata pale ambapo hakuna aliyesema neno. Ukitazama peke yako utalala.

Fungua na Robot Monster ya 1953. Adui ametoka angani kuja kuangamiza binadamu, na vazi lake ni suti ya sokwe na kofia kama ya mpiga-mbizi. Mwigizaji George Barrows alikuwa na suti hiyo yake mwenyewe, basi akaajiriwa pamoja nayo, kama mtu wa mkokoteni anavyokuja na mkokoteni wake. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mwaka fulani shule moja iliniagiza vazi la simba la tamasha la maigizo, na pesa walizoleta zilitosha blanketi moja la mtumba kutoka Gikomba. Simba wangu alikuwa na mistari ya buluu tumboni. Nusu ya malipo nadai hadi leo.

Ya pili iwe Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood. Mwigizaji wake, Bela Lugosi, alifariki Agosti 1956, ameacha vipande vichache tu vya picha. Wood hakuvitupa. Alimchukua tabibu wa mifupa wa mke wake, mtu aliyempita marehemu kwa urefu, akamwambia ajifunike uso kwa joho. Simamisha sinema hapo, watu wabishane: huyu ni Lugosi au siye? Na mkifika makaburini angalieni mawe yanavyotikisika, na jinsi mchana unavyogeuka usiku na kurudi mchana kabla mtu hajamaliza kukimbia.

Ubaya mwingine hauna utamu wowote, nisikudanganye. Katikati ya sinema watu husimama sebuleni wakielezana mambo, kwa sababu maneno ni rahisi kuliko jitu. Huo ndio wakati wa kwenda kugeuza chapati. Na wanawake! Wengi kazi yao ni kupiga mayowe, kuzimia na kubebwa. Binti wa kaka yangu aliniuliza, “Shangazi, kwani huyu hana miguu?” Sikuwa na jibu.

Weka mwisho zile ambazo ukata wenyewe ndio unaotisha. Herk Harvey alikuwa akitengeneza filamu za mafunzo huko Kansas, akaona jumba la starehe lililoachwa ukiwa kando ya ziwa la chumvi la Utah. Jumba hilo likamzalia Carnival of Souls, 1962. Alijipaka nyeupe usoni akacheza mzuka mwenyewe. Hapo sina mshono wa kutafuta, na chumba kizima hunyamaza.

Kisha Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, ambamo wafu wanainuka na kuwavamia walio hai. Damu ni rojo la chokoleti, maana bila rangi nani atajua? Wafu wengine wamevaa nguo kuukuu tu za watu, mtumba kama wetu, na ndiyo sababu wanatisha: wanafanana na majirani. Kuipata ni rahisi. Jina lake lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki lilisahaulika, kwa hiyo iko huru kwenye intaneti.

Ila angalia tokeni za stima kabla hujaiwasha. Zetu ziliisha wafu wakiwa mlangoni. Tulikaa gizani, watoto watatu wamening’ang’ania gauni, na simu ya kununulia nyingine iko jikoni. Hakuna aliyekubali kuifuata. Mimi pia.