Kumtafutia mtoto wa miaka 3 mpaka 5 darasa la ngoma hapa Bagamoyo

Kila tamasha la TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha hapa mjini, likiisha simu yangu inajaa meseji za wazazi, mwalimu mwanangu ana miaka mitatu na nusu anacheza balaa, nimpeleke wapi. Mi nafundisha ngoma watoto wadogo, kwa hiyo naandika hapa yale yale ninayowaambia ndugu zangu wakiniuliza. La kwanza kabisa: kwa umri huo unayemchagua ni mwalimu. Jina la kikundi, sare, jukwaa, wangapi wanawafuata Instagram, vyote hivyo mtoto wa miaka minne havimhusu.

Hatua ya 1: Anza na mtoto mwenyewe

Wa miaka mitatu anakimbia, anaruka kwa miguu yote miwili, lakini kuruka kwa mguu mmoja wengi wanaweza wakikaribia minne, na ile ya kurukaruka kwa kubadilisha kulia kushoto inakuja kwenye mitano, sita hivi. Sasa mtu akikwambia watoto wake wa miaka mitatu wanacheza sindimba nzima mwanzo mwisho, jua ama anakupamba ama kuna mtoto analia mahali. Darasa la umri huo ni kutembea na biti, kukimbia alafu kuganda ngoma ikinyamaza, makofi, kuinama, kuzunguka, kushikana mikono. Nusu saa inatosha. Wa miaka mitano anafika dakika 45, ukizidisha anaanza kuwasukuma wenzake na watu wanasema mtundu kumbe kachoka.

Jiulize na ya nyumbani. Anasema akibanwa na mkojo? Anakaa na mtu mwingine bila wewe? Kama bado subiri miezi kadhaa, ngoma hazihami.

Hatua ya 2: Jua mji una nini

Wengi wanafikiri mtoto anaenda kusajiliwa TaSUBa. Pale ni chuo, kilianza 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa, jina la TaSUBa limekuja 2007, na kozi zake za cheti na diploma ni za watu waliokwisha maliza sekondari. Faida yake kwako wewe mzazi ni kwamba mji umejaa watu waliopita pale na wengine wana vikundi vyao mitaani, ndo hao utakaokutana nao. Ila kujua kucheza na kujua kukaa na watoto ni vitu viwili, kuna wachezaji wanaotikisa jukwaa lakini ukiwaachia watoto kumi wa chekechea dakika tano tu wanatafuta mlango.

Kuhusu aina ya ngoma, Wazaramo wana mdundiko, na kwa mtoto mdogo sijaona mwanzo mzuri kama huo kwa sababu ni ngoma ya kutembea, mnafuatana njia nzima, ndo maana zamani watoto walikuwa wanaufuata mpaka wanapotelea mtaa wa tatu. Bugobogobo ya Wasukuma ina majembe, mtoto apewe kijiti chepesi au asishike kitu kabisa. Sindimba ya Wamakonde wanaipenda sana, ipunguzwe kasi tu. Singeli ina biti zaidi ya 200 kwa dakika, mguu wa mtoto haufuati ule mwendo, atajitingisha ovyo, sawa dakika mbili za mwisho za kufurahi basi. Hatua za unyago na zile za kigodoro zina umri wake, na mwalimu anayechekelea mtoto wa miaka minne akikata mauno mbele ya kamera ili video isambae, huyo mpite bila hata kumuaga.

Baleti ukiitaka ni safari ya Dar, zaidi ya kilomita 60 kwenda tu, kwa darasa la nusu saa mi sishauri. Na yeyote, wa Dar au wa wapi, anayekuahidi kumsimamisha mtoto wa chekechea kwenye ncha za vidole, kimbia. Vile viatu havivaliwi kabla ya miaka 11 au 12 hivi, na ni baada ya mazoezi ya miaka, mifupa ya mguu wa mtoto bado inakua.

(Kina baba mnaosema ngoma ni za wasichana, nendeni mkaangalie bugobogobo alafu mje tuongee.)

Hatua ya 3: Nenda kaangalie darasa, mtoto mwache nyumbani

Hii ndo hatua yenyewe, ukiiruka hii zingine hazina maana. Nenda peke yako, kaa pembeni mwanzo mpaka mwisho, na usiwaangalie wale wanaocheza vizuri, hao watakufurahisha tu. Mtafute mtoto aliyegoma. Kila darasa la umri huu lina mmoja amekaa chini au amejificha nyuma ya mwenzake. Mwangalie mwalimu anamfanyaje. Mwalimu mzuri anamwacha pale pale, anampita karibu, anampa kazi ndogo kama kushika manyanga, baada ya muda mtoto anasimama mwenyewe. Mwalimu mbaya anamvuta mkono, au anamfanya achekwe na wenzake, "tazameni huyu mwoga". Ukiona fimbo popote, hata kama wanasema ya kuonyeshea tu, toka.

Angalia na msamba. Mtoto akishuka msamba mwenyewe kwa sababu mwili wake mlaini hamna shida, ila kuna walimu wanamkandamiza mabega au kumkalia mapaja mpaka afike chini na mtoto anakunja uso. Hiyo ni kuumiza nyonga na nyama za paja, hamna ngoma ya kwetu inayohitaji hivo.

Wahesabu watoto. Kwa miaka mitatu na minne, mtu mzima mmoja kwa watoto wanane hivi, wakizidi lazima awepo wa pili, na huyo wa pili awe na macho kwa watoto sio anachati.

Alafu kelele. Ngoma kama msondo, chapuo na vumi zikilia pamoja ndani ya chumba cha bati masikio ya mtoto yanapata tabu kweli. Kipimo chepesi, simama na mtu kwa urefu wa mkono mmoja, mkilazimika kupiga kelele ndo msikilizane basi hapo pana sauti kubwa mno. Chini ya mwembe nje ni bora kuliko ukumbi mzuri uliofungwa madirisha. Na kwa kuwa wapigaji wanakaza ngozi kwa moto, tazama ule moto wa nyasi na makaratasi umewashwa wapi, kama ni hapo hapo watoto wanapozungukia waambie wausogeze, wakinuna umeshapata jibu lako.

Sakafu: mbao zenye uwazi chini ndo nzuri kuliko zote lakini ni chache. Saruji tupu na tailizi zinarudisha mshindo wote kwenye magoti, kwa hiyo kama ndo hiyo iliyopo uliza wanaruka muda gani, dakika chache sawa. Soksi juu ya tailizi hapana, ni peku au raba. Mkeka usiogandishwa unateleza na ni hatari kuliko sakafu tupu. Mchanga ni mlaini sana ila kwetu huku karibu na ufukwe kuna vipande vya chupa, miba ya samaki, hata ndoana, mwalimu anayejali utamkuta anafagia na reki kabla hawajafika.

Hatua ya 4: Maswali ya kumuuliza mwalimu

Uliza kwa heshima tu, "mwalimu, nina swali", usimhoji kama polisi. Nani anampeleka mtoto chooni, na choo kiko wapi? Nikichelewa kumchukua nani anabaki naye? Naweza kuingia darasani saa yoyote bila taarifa? Hili la mwisho ndo zito. Akikujibu wazazi wanavuruga darasa kwa hiyo mlango unafungwa, msikilize, mshukuru, usirudi. Wazazi tunavuruga kweli, hilo silikatai, lakini unaweza kukaa mahali usipoonekana, mlango kufungwa ni kitu kingine.

Uliza pia picha na video zinaenda wapi, na mwambie wazi kama hutaki sura ya mwanao iwekwe mtandaoni.

Na la mji wetu hili, maana tuna wageni na mahoteli: je watoto wanapelekwa kucheza mbele ya watalii? Onyesho la mara moja mchana na wazazi mpo, sio tatizo. Kikundi kinachowazungusha watoto hotelini jioni na kofia ya kukusanya hela, hiyo ni kazi, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inaanzia miaka 14 kumruhusu mtoto kufanya kazi, tena nyepesi. Ukiona jambo linakutia wasiwasi zaidi ya hapo, namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, bure, piga.

Hatua ya 5: Hela na muda

Lipa kwa kila kipindi kwanza, au mwezi mmoja, usikubali kulipa muhula mzima kabla mtoto hajaingia. Uliza michango yote siku hiyo hiyo: sare, njuga, mchango wa onyesho, nauli. Kwa kuanzia fulana na kipande cha kanga cha kufunga kiunoni vinatosha, njuga za chuma asivae zile za watu wazima, ni nzito zinachubua vifundo.

Muda, wengi hapa wanatoka chekechea, wanakula, wanaenda madrasa. Ukimwekea na ngoma siku hiyo hiyo unampeleka mtoto anayesinzia. Jumamosi saa tatu asubuhi ndo muda wangu mimi, jua halijakaza na tumbo halijajaa ubwabwa. Saa nane mchana hata mimi siwezi. Kama nyumbani kwenu ngoma inaleta maneno, waulize ustadhi wa madrasa kuhusu dufu, wale watoto wa zafa ya Maulidi wanavyoyumba pamoja kwa mapigo ni mafunzo hayo hayo.

Hatua ya 6: Vipindi vya mwanzo

Siku ya kwanza fika mapema mtoto aone pametulia, azishike ngoma, amjue mwalimu. Anaweza kukaa mapajani kwako nusu saa yote asicheze hata kidogo. Sawa tu. Mpe vipindi vinne hivi na usimsukume wala usiende kumchezea wewe, maana ukianza kucheza wewe yeye anakuwa mtazamaji. Wakati mwingine mtoto hachezi kabisa darasani alafu jioni bibi yake anakupigia, mbona huyu anagonga ndoo na kuzunguka nayo uani? Huyo yuko darasani vizuri kabisa.

Ila kama usiku wa kuamkia darasa anaanza kukojoa kitandani na alikuwa ameshaacha, au anamkwepa mtu mmoja pale bila kusema kwa nini, msimamishe siku hiyo hiyo, maswali baadaye.

Na wapo wanaofika kipindi cha tatu wakasema mi sitaki kucheza nataka kupiga. Wa kike wa kiume wote, mwulize mwalimu kama ana ngoma ndogo ya kupigwa kwa viganja, fimbo za ngoma bado asipewe, amkalishe karibu na mpigaji wa chapuo.