Hard disk ya laptop (kifaa cha kuhifadhia data) inalia tik tik ukiichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB? Cheki umeme kwanza
Jamani msikimbilie kutupa hard disk, mara nyingi ni njaa ya umeme tu. Hizi za inchi 2.5 zinakula volti 5 peke yake, sio kama za desktop zinazotaka na 12, ila pale inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 1 kwa sekunde chache, wakati port ya USB 2.0 inatoa miliampea 500 (nusu ampea) na ya 3.0 inatoa 900. So soma lebo yake kwanza, tumia waya mfupi mnene, chomeka port ya 3.0 au hub (kifaa cha kuongeza port za USB) yenye chaja yake. Bado inagonga? Chomoa haraka, usilazimishe, data zako ndo muhimu.