Kujipa Moyo kwa Muziki wa Klasiki: Anza na Simfonia Moja

Mtu wa Moshi au Arusha aliyekulia katika kwaya ya usharika au ya parokia haingii katika muziki wa klasiki akiwa mgeni. Ikiwa umewahi kuimba Aleluya Kuu ya Handel siku ya Pasaka, ukisubiri zamu ya besi huku soprano wakiishikilia noti ya juu, masikio yako yamekwisha kuzoea kufuata sauti nne kwa pamoja. Kinachobaki ni kuchagua kazi moja, kuipa muda na kuirudia.

Usianze na mikusanyiko ya vipande vifupi vinavyosifiwa kuwa vya kutuliza akili. Vinatuliza kweli, lakini aliyevunjika moyo hasaidiwi sana na utulivu ambao haukupita popote kabla ya kufika. Chagua simfonia, yaani kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa: Simfonia ya Sita ya Beethoven, yenye takriban dakika 40, inayohusu maisha ya mashambani. Ilipigwa mara ya kwanza Vienna mwezi Desemba 1808, miaka sita baada ya mtunzi huyo, aliyekuwa akipoteza usikivu, kuwaandikia ndugu zake kwamba alikaribia kujiua na kwamba ni sanaa iliyomzuia.

Pakua rekodi nzima mapema ili matangazo au mtandao unaokatika visikuharibie, kisha tumia spika za masikioni, kwa kuwa spika ya simu humeza sauti za chini za chelo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi. Mvua ya masika ikipiga bati, ahirisha. Wakati mzuri ni alfajiri, kabla bodaboda hazijachangamka, saa ambayo Kibo au Meru mara nyingi huwa bado haujafunikwa na mawingu.

Mara ya kwanza sikiliza tu, pasipo kuchambua. Mara ya pili fuata sehemu zake tano: furaha ya kufika shambani, kijito, ambapo mwishoni filimbi, obo na klarineti (ala za kupulizwa) huiga ndege watatu, sherehe ya wanakijiji, dhoruba, na wimbo wa shukrani wa wachungaji. Sehemu tatu za mwisho zimeunganishwa bila kituo, kwa hiyo usiiguse simu katikati. Sherehe hukatizwa na ngurumo ya chinichini ya chelo na besi (fidla kubwa kuliko zote), halafu timpani, yaani ngoma kubwa za okestra, ambazo hazijasikika tangu mwanzo, huingia kwa kishindo na kunyamaza tena dhoruba inapokwisha. Filimbi hupanda ngazi taratibu, klarineti huanza wito wa mchungaji, na pembe, ala ya shaba ya kupulizwa, huujibu.

Siku moja piga sehemu ya tano peke yake, na siku inayofuata anza na ya tatu uende hadi mwisho. Noti ni zilezile, lakini shukrani inayokuja baada ya radi ina uzito ambao ile ya jana haikuwa nao, na kwa maoni yangu hapo ndipo muziki huu humpa mtu moyo: hauikani dhoruba, bali huipitia. (Huzuni isiyoondoka kwa majuma kadhaa ipelekwe pia kwa daktari, simfonia si dawa.)

Muziki ukiisha, usifungue ujumbe wa simu papo hapo. Andika katika daftari mstari mmoja au miwili kuhusu mahali palipokugusa, kisha anza kazi moja uliyokuwa ukiiahirisha, hata ikiwa ni barua tu, maana hamasa isiyopewa kazi hupoa upesi. Rudia kila juma kwa mwezi mzima kabla ya kuhamia kazi nyingine.

Ukitaka kusikia muziki ukipigwa mbele yako, Chuo Kikuu cha Makumira, huko Usa River, hufundisha muziki, na inafaa kuuliza kama wanafunzi wana onyesho. Vilevile mwombe mwalimu wa kwaya yako nakala ya noti za Aleluya Kuu, na safari hii ufuatilie sauti isiyo yako.